Herufi za Bi Chapa

Bi Chapa alikuwa na siri, na siri yenyewe ilikuwa ukubwa wa ishirini. Kila alipofungua ukurasa mpya kwenye kompyuta yake, herufi zilianza kubwa hivyo, kwa sababu alikuwa ameukamata ule mtindo uitwao Kawaida, ambao maandishi yote huanza nao, akaubadilisha kwa kila kazi mpya. Akishamaliza kuchapa, anarudi kwenye Kawaida, anaandika kumi na mbili, na kurasa zote zinanywea kwa pamoja. Mteja anapokea kazi safi, hajui lolote.

Angeweza kuukuza ukurasa kwenye kioo tu, bila kugusa herufi. Lakini kile kitelezi cha kukuzia kimewekwa chini kabisa pembeni, kidogo kama punje ya mchele, na aliyekiweka pale bila shaka alidhani hatazeeka. Bi Chapa hakioni. Njia ya kwenda kwenye mitindo aliijua kwa vibonye, vidole vilikwenda vyenyewe.

Daktari wa macho alishamwambia kwamba miwani imefika mwisho wake. Maneno hayo aliyameza peke yake. Mdogo wake, aliyekaa meza ya pili katika duka hilohilo, alikuwa ameanza kusema, tena kwa upole, kwamba Dada amechoka, apumzike nyumbani. Nyumbani kuna nini? Kuta. Yeye ndiye aliyemfundisha huyo mdogo kuchapa baada ya mama yao kufariki, akimfunika mikono kwa taulo ili asitazame vibonye. Leo mwanafunzi amwinue mwalimu kwenye kiti? Wazo hilo lilimuuma kuliko macho yenyewe.

Basi akaja mwalimu wa hesabu na mtihani wake ulioandikwa kwa mkono.

"Mwalimu, mwandiko huu hata kuku angeuonea haya," alisema Bi Chapa. Ndivyo alivyowaambia wateja wote siku hizi. "Nisomee."

Mwalimu akacheka, akasoma. Walipofika swali la nane, lililojaa sehemu na mabano, hata ishirini haikusaidia. Bi Chapa akalichagua swali hilo peke yake, akalikuza kwa mkono hadi thelathini. Bado aliona ukungu. Akaliacha hivyo, akaviamini vidole vyake.

Mwisho akairudisha Kawaida kwenye kumi na mbili. Maandishi yote yakanywea, isipokuwa swali la nane, maana ulichokibadilisha kwa mkono hakimsikilizi tena mtindo. Hakulijua hilo. Kwenye kumi na mbili hakuona kitu cha kukagua, kwa hiyo alituma kazi moja kwa moja kwenye printa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na swali la nane.

Mwalimu alirudi kesho yake na karatasi mkononi.

"Bi Chapa, umenimaliza. Darasa zima limejibu swali moja. Wamedhani hilo kubwa ndilo lenye alama zote."

Mdogo mtu aliangua kicheko. Bi Chapa naye akacheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu mbele ya wageni.

"Kompyuta hii ina pepo," alisema.

"Haina pepo, Dada. Hebu inuka kidogo niitazame."

Akainuka. Akajishika kwenye meza. Mdogo wake akaweka kishale juu ya swali la nane, akaona thelathini. Akafungua ukurasa mpya, akaona ishirini. Akaacha kucheka.

"Dada, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

Mdogo mtu alimtazama mwalimu, akameza maneno. Akausawazisha mtihani, akauchapisha upya. Njia nzima ya kurudi nyumbani yeye na dada yake walizungumzia bei ya wino.

Asubuhi Bi Chapa alifika dukani akitarajia kuonyeshwa benchi la wateja. Kiti kilikuwa mahali pake. Mdogo wake alikuwa amempa mgongo, akichapa kwa nguvu isiyo na sababu.

"Nimeibadilisha Kawaida yako," alisema bila kugeuka. "Kila ukurasa mpya utaanza na thelathini. Kurudisha kumi na mbili niachie mimi, na kukagua pia. Huendi popote, Dada."

Bi Chapa alitaka kulia. Alifungua ukurasa mpya, akagonga maneno mawili matatu, akausogeza uso mpaka pumzi yake ikatia mvuke kwenye kioo. Aliona weupe, na juu ya weupe kivuli kikikua kila anapobonyeza.

"Zinatosha?" aliuliza mdogo wake, na sauti yake ilikuwa ya yule mtoto wa taulo.

"Zinatosha, mdogo wangu," alisema Bi Chapa. "Naziona zote."