Mwanamke Kwenye Mlango wa Gari Jeusi

Gari jeusi lililetwa yadi ya kuuzia magari likiwa na vumbi na nyayo za paka kwenye boneti. Fundi wa kung'arisha, ambaye wenzake walimwita Kioo, aliliosha, kisha akajikunja chini ya madigadi ya mbele, upande wa dereva, kutoa matope. Huko akakuta chasisi imekatwa na kuchomelewa, na juu ya kovu mtu amepaka rangi kwa brashi ya ukutani. Akamwambia mwenye yadi. Mwenye yadi akamjibu kwamba kazi yake ni ya juu, ya chini ina wenyewe.

Basi Kioo akafanya ya juu. Alipoweka sponji ya pili kwenye mashine ya kung'arishia, mwanamke mwenye blauzi ya njano akatokea katika rangi ya mlango wa dereva. Hakuwa nyuma ya Kioo wala ndani ya gari. Alikuwa kwenye rangi, pamoja na taa za dari, na mkono wake ulionyesha gurudumu la mbele.

"Mtoe huyo," alisema mwenye yadi alipopita na chai yake.

"Hatoki, bosi. Nikisugua ndiyo anazidi kuonekana."

"Hujasugua vya kutosha."

Kioo alikasirika, na hasira ya mng'arishaji huteremka mkononi. Aliikandamiza mashine kwenye ukingo wa mlango, mahali ambapo kila anayeijua kazi hupita kwa huruma, maana rangi ya pale ni nyembamba. Rangi ikaungua mpaka chuma kikachungulia. Mwanamke akahamia kwenye boneti, akasubiri. Kioo alipaka rangi upya, ikakauka, akaing'arisha, na mwanamke akarudi mlangoni pake.

Dawa ilikuwepo. Angeliacha gari limefifia, lina mikwaruzo ya duara, mwanamke asingeonekana na hakuna ambaye angelitaka. Alijaribu. Alikwenda kula, akarudi, akaiona ile mikwaruzo ikimkodolea macho, akawasha mashine. Kufa na tabia yako ni kazi rahisi sana, haihitaji hata mafunzo.

Muuzaji wa yadi aliitwa Mdomo, na jina lilimkaa. Kwake mwanamke yule alikuwa baraka. "Hili gari lina mtu wake kabisa," aliwaambia wateja. "Anawaonyesha matairi mapya." Wateja waliyatazama matairi. Yalikuwa mapya kweli.

Aliyelipenda zaidi alikuwa dada yake Kioo, yule aliyemlea Kioo baada ya mama yao kufariki. Alitaka gari la kupeleka watoto wa jirani shuleni pamoja na wake, na alikuja yadi hii kwa sababu mdogo wake alikuwa hapa. Kioo akamvuta kando.

"Dada, hili usichukue. Limekatwa chini, likaungwa. Hata huyo mama anakuonyesha."

Dada alipitisha kiganja kwenye boneti, polepole.

"Hii kazi ni yako?"

"Ni yangu."

"Gari bovu ungelisugua hivi?"

Kioo aliitazama mikono yake.

"Mdomo wako ulinidanganya tangu uko mdogo," dada alisema. "Sukari ulikula wewe, ukamsingizia paka. Lakini mikono yako haijawahi kunidanganya hata siku moja."

Akaondoka na gari. Mwenye yadi alimpongeza Kioo mbele ya watu wote. "Kizuri chajiuza," alisema, na Kioo akatamani kumtia sponji kinywani.

Baada ya wiki chache dada alirudi na gari limejaa watoto wenye sare. Mlango ulikuwa na alama za vidole, mwanamke amefifia.

"Watoto wanamwamkia kila asubuhi," dada alisema. "Leo wamelia hawamwoni vizuri. Hebu mpitie kidogo."

Kioo akajikunja kwanza chini ya madigadi. Kovu lilikuwa limefunguka, ukucha wa kidole gumba unaingia.

"Dada, limepasuka."

"Nilimuuliza Mdomo. Kasema magari haya yote yana mstari hapo, yametoka nao kiwandani."

"Na mimi nakwambia limepasuka."

"Mdogo wangu, watoto watachelewa."

Kioo alisimama na mashine mkononi muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Watoto walikuwa wamebandika pua kwenye vioo wakimsubiri. Akaweka sponji laini, akang'arisha mlango, kwa sababu alikuwa ameombwa na kwa sababu hakujua njia nyingine ya kumfanya mtu aone. Mwanamke akatokea, safi kuliko siku zote. Safari hii alikuwa amepiga magoti, akilionyesha gurudumu kwa mikono yote miwili.

"Leo kapendeza," dada alisema, akawasha gari.