Nongo Juu ya Kidude

Geum-rye aliwadharau watu kwa migongo yao. Tangu ujanani alikuwa akiwasugua nongo wanawake wa mji wa Gunsan, katika hamamu iliyo nyuma ya soko la samaki, na hakuna mke wa mkubwa aliyemtisha tena baada ya kumwona amelala uchi kwenye meza ya plastiki, nongo zikimtoka kama tambi. "Shingoni lulu, mgongoni naweza kupanda vitunguu," alikuwa akisema. Wateja walicheka kwa sababu walimwogopa.

Saratani ya utumbo ilipompata, dharau aliihamishia hospitalini. Daktari Tak alikuwa kinda tu, wauguzi walikuwa na vidole vya kushikia maua, na wagonjwa wenzake walinuka. Lakini dozi za kwanza za kemo, dawa kali za saratani, zilimharibia mishipa ya mikono, sindano ikawa haipati pa kuingia. Ndipo wakampasua kidogo chini ya mtulinga, wakampandikizia kidude cha mviringo chini ya ngozi, chenye mrija unaoingia kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo.

"Mama, dawa zako zote sasa zinapita hapa," muuguzi alimwambia. "Hatuna njia nyingine. Usipasugue, na ukiona pamekuwa pekundu au umepata homa, njoo siku hiyohiyo."

"Binti, habari za ngozi unanifundisha mimi?"

Alikonda, na kadiri alivyokonda kidude kilizidi kujitokeza. Ngozi iliyokifunika ilibaki nyembamba, ikang'aa, na gundi ya plasta za hospitali ikaacha juu yake utando wa kijivu usiotoka kwa maji. Mwili mzima ulikuwa safi isipokuwa hapo. Kila akijitazama kwenye kioo aliona kama ametukanwa.

Mwaka Mpya wa jadi ulipokaribia, mji mzima ulikwenda kuoga, maana nani atawainamia mababu na uchafu wa mwaka jana? Geum-rye naye akaenda. Aliyeirithi meza yake ni Jeom-sun, mwanafunzi wake wa zamani, mwanamke mpana, mpole, ambaye Geum-rye alimwona mzembe tangu siku ya kwanza.

Jeom-sun alimsugua miguu, tumbo na mikono. Akampiga kofi mara mbili pajani, ishara ya wasugua nongo wote kwamba mteja ageuke.

"Mimi sipigwi kofi," Geum-rye akasema. "Kofi hilo nimekufundisha mimi. Halafu hujamaliza. Hapa kifuani je?"

"Hapo sigusi, Dada."

"Kwa nini, pana miba?"

"Ngozi imekuwa kama karatasi. Umwulize daktari kwanza."

"Yule mtoto? Amepasua matumbo mangapi, na mimi nimesugua migongo mingapi?" Akaketi, akamnyang'anya kitambaa cha kijani kinachokwaruza. "Nilikufundisha kazi, woga umeutoa wapi? Lete!"

"Dada, nakuomba."

Geum-rye akasugua. Utando wa kijivu ukatoka, akaguna kwa raha. Akaongeza nguvu, kwa sababu Jeom-sun alikuwa akimtazama na wateja nao walikuwa wakimtazama. Alipoacha, palikuwa pekundu, na mchubuko mdogo ulikuwa ukitoa majimaji. Alibandika plasta, akanunua maziwa ya ndizi mlangoni, akarudi nyumbani kichwa juu.

Siku ya sikukuu Jeom-sun alimpelekea supu. Alimkuta sakafuni chini ya blanketi, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Chini ya plasta, mchubuko ulikuwa umefunguka, na ukingo wa kile kidude ulichungulia katikati ya usaha. Jeom-sun alimbeba mgongoni mpaka kwenye teksi.

Hospitalini, Daktari Tak aliiondoa plasta.

"Nani amefanya hivi?"

Geum-rye alikuwa na homa kali, ila akili ilikuwepo. Alijua alichokuwa akifanya alipomnyooshea kidole Jeom-sun. "Huyu. Ndiye anayesugua siku hizi."

Jeom-sun aliinama mbele ya daktari, akainama tena. "Nisamehe, Daktari."

Kidude kilitolewa siku hiyo. Asubuhi iliyofuata daktari alikuja na majibu: vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye damu.

"Kemo tumeisimamisha," akamwambia Geum-rye. "Mpaka damu iwe safi. Hapo ndipo tutatafuta mahali pengine pa kupandikiza, ikiwa mwili utakubali."

"Damu yangu mimi ni chafu?"

"Kwa sasa, ndiyo." Akamgeukia Jeom-sun, aliyekuwa ameketi pembeni na beseni mapajani. "Na wewe bado uko hapa? Watu wa aina yako! Hamjui kitu, mikono mnayo tu. Saratani ingemwachia muda, wewe umemkatia."

Geum-rye aliyatambua maneno hayo. Hamjui kitu, mikono mnayo tu: ndiyo aliyokuwa akimrushia Jeom-sun kila siku ya kazi, kwa sauti ileile, na kidevu kimeinuliwa vilevile. Hakuwahi kuyasikia akiwa amelala chini. Yalikuwa maneno ya kishenzi. Aliona aibu, na aibu ilimchoma kuliko kidonda.

"Daktari," akasema. "Mwache. Yeye alikataa, akanisihi. Nilisugua mwenyewe, halafu nikamsingizia. Mjinga asiyejua ngozi ni mimi."

Daktari Tak alimtazama Jeom-sun, akamwinamia kidogo, akatoka.

Jeom-sun alichovya taulo laini katika maji ya vuguvugu, akalikamua, akaanza kumpangusa shingo, akikizunguka kidonda kwa mbali.

"Unanitekenya," Geum-rye akanung'unika, macho yamelowa. "Hivyo nongo hazitoki."

"Na zisitoke, Dada."

Akampangusa mkono, mbavu, paja. Kisha, taratibu, akampiga kofi mara mbili pajani.

Geum-rye akageuka.