Kifungu cha Nne Kinasema Watunzwe

Alhamisi ya wiki iliyopita, saa saba na robo mchana, akiwa ameketi wima na kalamu mkononi, Nakijwa Senkondo aliota ndoto ambayo mpaka leo hajaiingiza kwenye taarifa yoyote ya ofisi.

Hakuwa mtu wa ndoto. Alikuwa afisa mipango wa wizara, Dodoma, mwaka wa kumi na mbili kazini, mtu wa kupanga hata vijiko vya droo kwa urefu. Wiki hiyo alikabidhiwa rasimu ya sera ya taifa ya wazee aipige msasa kabla ya kikao cha Ijumaa, na kifungu cha nne ndicho kilichomlaza. Kilisema: "Wazee ni hazina ya taifa, hivyo watunzwe mahali salama na wapewe kipaumbele." Alikisoma mara tatu asione kosa. Alipokisoma mara ya nne, wali maharage wa kantini ukamshinda nguvu.

Nyumbani kwake kulikuwa na hazina moja. Baba yake, Mzee Senkondo, mwenye miaka sabini na minne, alikuwa mkaguzi wa mizani kwa miaka thelathini na mmoja, akizunguka masoko kuanzia Upareni mpaka Handeni kuhakikisha kilo ya mtu ni kilo. Alipofiwa na mkewe, Nakijwa alimchukua akamleta Dodoma. Mwezi haukuisha mzee akawa amejulikana soko zima la mtaani. Wauza dagaa na wauza nyanya walimletea mizani zilizopinda, naye akizitengeneza chini ya mwavuli wa muuza viazi, akirudi jioni na grisi vidoleni na habari za kila mtu.

Nakijwa hakulipenda jambo hilo. Siku moja mwenzake wa ofisini alimwambia, "Dada, nimemwona baba yako sokoni, amekaa chini anafungua nati. Kumbe hali ni ngumu hivyo?" Maneno yale yalimkwama kama mwiba wa samaki. Jioni hiyohiyo alichukua sanduku la bisibisi akalipandisha juu ya kabati, na Jumamosi akamnunulia baba yake kiti kikubwa cha kuegemea, chenye pa kunyooshea miguu.

"Baba, umefanya kazi ya kutosha. Sasa ni zamu yetu. Wewe kaa tu."

"Nikae nifanye nini?"

"Ukae, baba. Upumzike."

Mzee akakaa. Sasa ilikuwa wiki ya tatu, na tangu akae alikuwa hasimulii lolote. Ukimuuliza habari za tangu asubuhi, anajibu, "Nimekaa."

Basi. Kalamu ikalalia kifungu cha nne, na rasimu ikakohoa.

"Samahani," rasimu inasema. "Ni vumbi. Nina miaka kumi na mmoja."

Nakijwa anaitazama. Kurasa zake zimeota mvi pembeni na pini yake ya kubania ina kutu. "Shikamoo," anasema, maana malezi ni malezi.

"Marahaba. Nilianza nikiwa na kurasa sita. Nimepitia vikao arobaini na viwili, na kila kikao kimeniongezea aya na kuning'oa jino. Siku hizi sina 'lazima' hata moja mdomoni, zimebaki 'inapowezekana' tupu. Nipeleke dirisha la wazee."

"Umri wake ni miaka sitini."

"Hiyo ni kwa watu. Kwa karatasi ni kumi." Rasimu inajishika kiuno, inateremka mezani kwa tahadhari. "Na wewe si una mzee wako hukohuko?"

"Baba yuko nyumbani."

"Alikuwa nyumbani. Kifungu cha nne kimeanza kutekelezwa saa saba kamili. Mbona unashangaa? Si umekisoma mara tatu ukasema hakina kosa?"

Nakijwa anafungua mlango. Mlango ni uleule, wenye kitasa kinacholegea, lakini korido imekuwa ghala. Kuna rafu kutoka sakafuni hadi darini, na kwenye rafu wamepangwa wazee, kwa mpangilio wa alfabeti, kila mmoja kwenye mkeka wake, wamefutwa vumbi wakang'aa. Juu kuna bango: HAZINA YA WAZEE. TAFADHALI USIGUSE.

Dirisha la wazee halina mtu. Ndilo lenyewe linalohudumia, kwa kufungua na kufunga mbao zake. Mbele ya foleni jungu kuu linalalamika kwamba lina ukoko na kila mtu analijua hilo. Dirisha linaliambia lilete barua ya serikali ya mtaa.

"Mzee kwanza!" Dirisha linasema, na rasimu inapitishwa mbele, inapewa kipaumbele chake kimefungwa kwenye gazeti. Rasimu inafungua. Ni kitu kidogo cha duara, chepesi, rangi ya chai ya maziwa.

"Kinatumikaje?"

"Hakitumiki," Dirisha linasema. "Kinatolewa tu. Anayefuata!"

Kwenye rafu ya M bibi mmoja anainua mkono. "Mjukuu wangu," anamwita Nakijwa, "mimi ni mkunga. Kuna mama yeyote anayejifungua hapo chini?"

"Hapana, bibi."

"Haya." Anaushusha mkono taratibu, anaurudisha mapajani mahali ulipokuwa.

Baba yake yuko rafu ya S, kwenye kiti kilekile cha kuegemea. Kifungoni inaning'inia kadi: ATUNZWE. ASITUMIKE.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Wanakutendea vizuri?"

"Wananifuta vumbi mara mbili kwa siku."

"Shuka twende nyumbani."

"Nitashukaje? Mimi ni hazina."

Mlangoni kuna kufuli lenye ukubwa wa ng'ombe, limevaa suti. Linapozungumza, ulimi wake wa chuma unagonga taratibu kama mtu mwenye cheo. "Hazina haitoki humu bila hoja nzito," linasema.

"Nzito kiasi gani?"

"Kilo moja. Mizani hiyo hapo."

Ni mizani ya sahani mbili, kama za wauza dagaa. Upande wa kulia kuna jiwe la kilo. Nakijwa anasogea na kusema, "Ni baba yangu." Maneno yanatoka mdomoni yakiwa kitu kama andazi, yanadondokea sahani ya kushoto. Sahani haishuki hata kidogo.

"Kila aliye humu ni baba au mama wa mtu," Kufuli linasema. "Hiyo huwa haifiki hata nusu."

"Ninampenda."

Andazi la pili. Mizani imetulia vilevile.

"Hiyo ndiyo hoja iliyomleta," Kufuli linasema, bila ubaya wowote. "Hawa wote wameletwa na wanaowapenda. Una umri gani?"

"Thelathini na tisa."

"Ndiyo shida. Hoja ya mtu mzima huwa na uzito zaidi. Saini hapa."

Nakijwa anasaini. Anapoanza herufi ya kwanza ya jina lake ana miaka thelathini na tisa. Anapoweka nukta ana miaka sabini na mmoja. Goti la kulia linalia kama bawaba ya geti. Papo hapo kiti kinakuja kwa nyuma, kinamgonga miguuni, naye anajikuta amekaa.

"Karibu, bibi," Kiti kinasema, kikimkumbatia kwa mikono yote miwili. "Kaa tu."

Maafisa wawili wenye vitambulisho shingoni wanasimama juu yake na madaftari.

"Amekula?" anauliza wa kwanza.

"Amekula uji," anajibu wa pili.

"Anasikia?"

"Kidogo kidogo."

"Ninasikia vizuri," Nakijwa anasema, "na huo uji sijauona."

"Anaongea bado," wa kwanza anasema kwa furaha, anaandika. "Mungu mkubwa."

"Mimi ni afisa mipango wa wizara!"

"Anasema zamani alikuwa afisa mipango."

"Siyo zamani. Niko kazini. Kuna kosa kwenye kifungu cha nne, ninaomba kalamu."

"Asijisumbue jamani. Mwekeeni mto."

Anawekewa mto. Ni mto mzuri, wenye maua, na kiti ni laini, na hakuna mahali panapouma zaidi ya goti. Hana njaa, hana baridi. Anaitazama mikono yake iliyokunjamana, anaona kwamba hakuna kitu popote duniani kinachoisubiri. Anataka kumwambia mtu, lakini maafisa wameshaondoka, wameridhika naye.

Ndipo sauti inatoka rafu ya S.

"Mizani hiyo inaiba."

Ghala lote linageuka. Hata jungu.

"Wazee wanaombwa wasishiriki," Kufuli linasema. "Watashirikishwa."

"Inaiba, nimesema. Sahani ya kushoto iko juu kwa upana wa kidole. Hoja za mwanangu hazina tatizo, nati ndiyo imelegea. Naki, una bisibisi hapo?"

Nakijwa anapapasa. Hana mfuko, hana mkoba. Kichwani ana kibanio cha chuma anachobania nywele.

"Bibi, utaanguka," Kiti kinamwonya, kinamkaza.

"Nitaanguka, kisha nitainuka. Niachie."

"Nina maelekezo, bibi."

"Hayo maelekezo nimeyapiga msasa mimi."

Hilo Kiti hakikulitegemea. Kinalegeza mkono mmoja, na huo unamtosha. Anasimama, goti linapiga kelele, anachomoa kibanio, mvi zinamwagika mabegani. Anatembea hatua tisa, na hajawahi kutembea safari ndefu kama ile. Juu, baba yake ameanza kushuka. Ngazi hakuna, kwa hiyo anashuka rafu kwa rafu, na wazee wanapokezana kumshika. Mvuvi mstaafu anampa bega, mwalimu wa hesabu anamhesabia hatua, mkunga anampokea miguu kwanza na kusema, "Sukuma, baba, sukuma, huyoo!"

Mzee Senkondo anaichukua mizani, anaipindua, anaingiza kibanio kwenye nati. Ncha ya ulimi inamtoka pembeni ya mdomo, kama zamani.

"Kule Handeni kulikuwa na muuza mchele," anaanza, bila kumtazama yeyote. "Kabandika sumaku chini ya sahani. Mimi nimefika, nimemsalimu, nimeomba maji ya kunywa. Nikaweka kikombe cha bati juu ya sahani. Weee! Kikombe kikagoma kutoka! Nikamwambia, bwana, mchele wako unavuta kweli."

Anacheka mwenyewe. Rafu nzima ya M inacheka. Nakijwa hacheki. Anasikiliza kwa makini kama mtu aliyekuwa kiziwi, maana hicho ndicho kisa cha kwanza kutoka kinywani mwa baba yake kwa wiki tatu.

"Haya," mzee anasema, anairudisha mizani mahali pake. "Sema hoja yako. Lakini useme ya kweli, mwanangu. Mizani ikishapona haipendi maneno ya kujipamba."

Nakijwa anavuta pumzi. "Niliogopa watu watasema nimeshindwa kukutunza. Nikakukalisha ili mimi nionekane. Sikukuuliza."

Hoja haitoki kama andazi safari hii. Inaanguka kwenye sahani kama gunia dogo la mahindi, puu, sahani inashuka, inayumba, inatulia sambamba na jiwe.

"Kilo kamili," mzee anasema. "Gramu haipungui."

Kufuli linajikuta limefunguka. Halijawahi kufunguka tangu liundwe. Linapigwa na upepo kifuani, linapiga chafya, linaomba koti. Wazee wanateremka rafu zote kwa mpigo, mikeka kwapani, wakiulizana nani anakwenda wapi. Mkunga ametangulia mbio. Dirisha linapiga kelele, "Foleni! Foleni!", na rasimu, iliyokuwa imekaa chini ikikitafuna kipaumbele chake, inamvuta Nakijwa sketi.

"Upesi," inasema, "kabla hujaamka. Ning'oe lile neno. Linaniuma."

Nakijwa aliamka saa nane kasoro dakika tano. Shavu lilikuwa juu ya kifungu cha nne na wino umemwachia "salama" kinyumenyume karibu na sikio. Nywele zilikuwa zimemwangukia usoni. Aliinama chini ya meza kutafuta kibanio, hakukiona, akaachana nacho. Akachukua kalamu. Alifuta "watunzwe mahali salama", akafikiri kidogo, akaandika neno moja: "waulizwe". Siku iliyofuata kikao kililijadili neno hilo kwa saa mbili nzima, kikajaribu kulitangulizia "inapowezekana", yeye akakataa katakata, na neno likapona. Lakini hayo ni ya Ijumaa.

Alhamisi ile, kalamu ikiwa bado mkononi, alimpigia baba yake simu. Iliita mara mbili. Ilipopokelewa, nyuma yake kulikuwa na makelele ya watu na mtu anayenadi vitunguu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Uko wapi? Nilitaka tu... nilitaka kukuuliza kitu."

"Niko sokoni, kwa Mama Shemdoe wa dagaa. Ana mizani hapa inamdhulumu mwenyewe."

"Umetoka saa ngapi nyumbani?"

"Naki, nawe!" Mzee alishangaa. "Si umenitoa mwenyewe?"

Nakijwa aliibana simu sikioni. Kwenye simu alisikia nati ikizunguka, kisha kicheko cha mwanamke, kisha baba yake akivuta pumzi kama mtu anayenyanyua kitu.

"Haya, niache nimalize, mikono imejaa," mzee alisema. "Na kile kibanio chako ninacho. Kimepinda kidogo. Nitakinyoosha jioni."