Jioni za Juu ya Kabati

Mche wa sabuni haukatwi kwa kisu. Kisu huacha chembe, na chembe nazo ni sabuni iliyonunuliwa. Mama Nusu aliukata kwa uzi: aliuzungusha uzi kiunoni mwa mche, akavuta ncha zake mbili taratibu, na mche ukaachana bila kuangusha hata unga. Kipande kimoja alikiweka kwenye kisahani. Cha pili alikifunga kwa gazeti na kukipandisha juu ya kabati, mahali pa vitu vya kesho.

Jina la Mama Nusu alipewa na mwenye duka la kona.

"Nusu mkate, nusu kikombe cha mafuta, nusu mche," mwenye duka alimwambia siku moja mbele ya watu. "Hebu nikuulize, mama. Na mume naye ulichukua nusu?"

"Huyo nilimchukua mzima," alijibu. "Nusu ndiyo iliyoliwa na mbao."

Watu dukani walicheka, kisha wakanyamaza, maana walikumbuka. Mumewe alikuwa mpasuaji katika kiwanda cha mbao mpaka vumbi likamjaa kifuani. Alipoanza kukohoa zaidi ya kupasua, kiwanda kilimpa mkono wa kwaheri, na mkono wenyewe ulikuwa mtupu. Sasa alishinda kitandani karibu na dirisha, akivuta pumzi kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu.

Nyumba iliendeshwa kwa mshahara wa Mama Nusu, aliyepiga pasi kwenye dobi kubwa lililofua mashuka ya hoteli na hospitali. Njiti za kiberiti alizipasua kwa wembe, moja ikawa mbili. Maji yaliyofua nguo yalipiga deki, na yaliyopiga deki yalikwenda chooni. Majani ya chai yalichemshwa na kuchemshwa tena, hadi mumewe akasema chai ya nyumba hii haijawahi kukutana na majani, imesikia tu habari zao. Mama Nusu hakukasirika. Alipenda mumewe afanye mzaha, kwa sababu mzaha haununuliwi.

Kazini kulikuwa na jambo moja ambalo wanawake wa pasi walikuwa wamelizoea. Saa ya ukutani iliwaruhusu mchana, lakini wakitoka nje walikuta jua limekwisha kuteremka, vivuli vya nguzo vimelala barabarani. "Jua la siku hizi lina haraka," walisema, kisha wakakaza vitambaa vyao vya kichwa na kwenda zao.

Halafu maji yakazidi unga. Dawa ya kifua ilipanda bei, na binti yao wa pekee alikuwa katika mwaka wa mtihani. Mama Nusu alizunguka chumbani akitafuta kitu ambacho hajakigawa, asikione. Alikaa sakafuni na uzi mkononi. Mbele yake mwanga wa jioni ulikuwa umeingia dirishani na kulala sakafuni, mrefu, wa njano, wenye pembe nne kama mche wa sabuni. Aliuzungusha uzi, akavuta.

Jioni ilikatika vizuri. Ilikuwa vuguvugu, nzito kuliko alivyodhani. Aliifunga kwa gazeti akaiweka juu ya kabati, na alipogeuka palikuwa pamekucha. Hakuna aliyepika wala aliyewasha taa. Dawa ya usiku haikunywewa kwa sababu usiku haukupita hapo. Hata njaa ilibaki ndani ya gazeti.

"Mama, jana hatukula?" binti aliuliza.

"Jana haikufika huko."

"Ahaa," alisema binti, akatafuta viatu vyake vya shule.

Tangu hapo Mama Nusu alikata jioni kila alipotoka kazini. Mkate ulidumu, mafuta ya taa yalidumu, chupa ya dawa ikachelewa kuisha. Juu ya kabati vifurushi vilipangana mpaka vikagusa dari. Alikuwa amechagua jioni kwa hesabu ya mtu mwenye akili: asubuhi ina shule, mchana una mshahara, jioni haiingizi kitu. Ina mlo tu, na taa, na maneno.

Mumewe peke yake ndiye aliyelalamika, naye kwa upole. Kila alasiri, mkewe alipoingia, alianza kumsimulia kisa cha jamaa mmoja aliyepeleka suruali kwa fundi akaongezewe mfuko.

"Fundi akamwambia, bwana, suruali hii ina mifuko minne mitupu, wa tano wa nini? Basi yule jamaa akageuka, akasema..."

Uzi ulipita, kukakucha.

"Mke wangu," alisema asubuhi moja, "kisa changu kimekwama kwa fundi. Suruali itaoza."

"Utamaliza hali ikitengemaa."

Kosa lilifanywa na binti. Sabuni ya kisahani iliisha, naye akapanda kiti, akachukua kifurushi juu ya kabati na kufulia sare. Povu lilitoka la rangi ya chungwa. Ndani ya povu ilisikika sauti ya baba yake akikohoa, sufuria ikifunikwa, na yeye mwenyewe akiuliza maana ya neno gumu kitabuni. Kisha tumbo likamuuma kwa njaa. Alisuuza haraka, lakini sare ilikauka ikiwa na rangi ya magharibi, na mwalimu wa zamu akamrudisha nyumbani.

"Umefulia jioni nzima," Mama Nusu alisema.

"Sikujua. Gazeti ni lile lile." Binti alikunja sare, akaifunua tena. "Lakini mama, tulikuwemo mle. Tulikuwa tumekaa wote watatu."

Mama Nusu aliuweka uzi juu ya kabati. Siku hiyo hakukata kitu. Walikaa watatu na jioni ya siku yenyewe, lakini mgonjwa alikuwa amechoka, akalala kabla suruali haijafika kwa fundi.

Hali haikutengemaa. Daktari wa zahanati alikuja, akaweka chombo kifuani mwa mgonjwa, akasikiliza kama mtu anayebisha hodi nyumba iliyohamwa.

"Mama, huyu siku zake zimekwisha," alisema.

"Siku, ndiyo. Lakini ana jioni."

"Jioni zipi?"

Mama Nusu alimwonyesha kabati.

Daktari alivitazama vifurushi, akavua miwani akaifuta. "Basi apewe moja kila siku, baada ya chakula."

"Chakula hakipo."

"Basi kabla ya chakula."

Siku zilimwishia mgonjwa asubuhi ya Alhamisi, Mama Nusu akimshika mkono. Majirani walikuja, wanawake wakaketi sakafuni, wanaume wakasimama uani wakiongea chini chini. Mama Nusu alimfunika mumewe shuka, akawaomba wasubiri kidogo. Jua lilipoinama alishusha kifurushi kimoja na kukifungua. Mwanga wa njano ulitandaa sakafuni, na mumewe akakaa kitandani, akaomba maji.

"Mbona mmejaa hivi?" aliwauliza majirani. "Nani kafa?"

"Wewe," alisema jirani wa ukuta wa pili.

"Poleni," alisema.

Majirani waliona pole zao hazina kazi kwa leo. Walitafuta viatu vyao mlangoni wakaondoka mmoja mmoja.

Ikawa desturi. Mchana mgonjwa alilala chini ya shuka bila pumzi, na jioni, kifurushi kikifunguliwa, aliamka. Jioni hizo hazikuwa na sherehe. Zilikuwa na njaa yote iliyofungwa humo, tena hazikuwa na taa. Lakini walikaa pamoja. Binti alisoma kitabu kwenye mwanga wa dirishani, naye baba akamsahihisha matamshi akiwa hajawahi kusoma kitabu hicho. Mama Nusu alijifunza upya kicheko cha mumewe, kinachoanza puani. Hata hivyo kisa cha suruali hakikuisha, kwa kuwa kila jioni ilikuwa imekatwa mapema na kisa kilikuwa na utangulizi mrefu, na mgonjwa hakukubali kuruka hata neno.

Nafasi juu ya kabati ikaanza kuonekana, kisha vumbi, kisha ukuta. Mama Nusu alipoona kimebaki kifurushi kimoja tu, alikwenda kwa meneja wa dobi. Hakwenda kuomba fedha. Alikwenda kuomba ruhusa ya kutoka mapema, huenda akawahi kuvuna jioni zingine kabla ya saa ya kufungua kifurushi.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha kiti na kumsikiliza mpaka mwisho.

"Dada, kutoka mapema haiwezekani," alisema. "Lakini hilo la uzi nalifahamu."

Akavuta droo, akatoa uzi. Ulikuwa mrefu kuliko wa Mama Nusu, umeng'aa kwa matumizi. Kisha akafungua mlango wa stoo ya mashuka. Badala ya mashuka, rafu zilikuwa zimejaa vifurushi kutoka sakafuni hadi darini, vimefungwa kwa karatasi safi ya dobi. Alasiri za wanawake wa pasi zilikuwa zimepangwa humo, za wa sasa, za waliostaafu, na za waliokufa wakiwa bado kwenye zamu.

"Hoteli ikitaka mashuka ya kesho yafike leo, tunafungua moja," meneja alieleza. "Nyingine anachukua mwenye kampuni."

Mama Nusu aliinua macho kwenye picha ya mwenye kampuni iliyotundikwa ukutani. Hata alipokuja mwenyewe kukagua kazi, nywele zake zilikuwa nyeusi vile vile tangu dobi lilipofunguliwa. Wanawake wa pasi siku zote walidhani ni rangi.

"Nipe za kwangu tu," alisema.

"Tumezichanganya, dada yangu. Hazina majina."

"Basi nipe moja yoyote. Mume wangu yuko kwenye jioni ya mwisho."

"Pole sana. Kama ingekuwa yangu ningekupa." Meneja alifunga stoo, akajaribu kitasa mara mbili. "Ila nakuona mkono wako ni mwepesi. Nahitaji msaidizi wa kukata. Ungekaa huku ofisini, hakuna joto la pasi."

Mama Nusu aliutazama ule uzi mrefu.

"Uzi wangu mimi ni wa sabuni," alisema, akarudi kwenye pasi yake.

Saa ya ukutani iliporuhusu, alitoka na wenzake. Aliwaeleza alichokiona stoo. Walimsikiliza wakitembea juu ya vivuli virefu vya nguzo. "Tulisema jua lina haraka," alisema mmoja, mwenye miaka mingi kuliko wote pale, kisha akaharakisha, kwani kwake kulikuwa na watoto.

Nyumbani Mama Nusu alishusha kifurushi cha mwisho. Hakukifungua chote. Alikunjua gazeti upande mmoja, akazungusha uzi, akakata nusu. Nusu moja alifunga tena. Nyingine ilitandaa sakafuni, na mumewe akaamka, akaomba maji, akauliza habari za kazi.

"Ni nzuri," alisema mkewe.

Kesho yake alikata nusu ya ile nusu. Kesho kutwa, nusu ya iliyobaki. Mikono yake ilikuwa imefunzwa na miaka mingi ya sabuni, haikupoteza hata chembe. Jioni ikawa nyembamba kama kigae cha sabuni kinachobaki kiganjani, kisha kama karatasi, kisha kama ule mstari wa mwanga chini ya mlango. Katika mstari huo binti aliwahi kusoma neno moja, mama aliwahi kushika mkono, na baba aliwahi kuvuta pumzi.

"Basi yule jamaa akageuka," alisema, "akasema..."

Uzi ulipita. Kulikuwa kumekucha. Mama Nusu alimfunika mumewe shuka, akaweka kifurushi juu ya kabati, akaenda kazini. Mchana walipotoka, jua lilikuwa limekwisha kuteremka.