Mgeni Asiyesalimu

…hapana, rudisha tena, akarudisha rekodi ya jana, mlango unalia kwii, kiti kinalalamika chini ya makalio ya mtu, halafu kimya, saa za yule fundi saa zinagonga ukutani kama panya elfu wanatafuna kabati, kwa hiyo kinasa sauti hakijafa, kiko kazini, ila mtu kaingia na hakuna hodi, hakuna habari za mchana, hakuna hata kikohozi, na fundi saa mwenyewe domokaya, mnunuzi wa siri za jeshi anayemsemesha hata paka, jana kafungwa mdomo na nani, na nyuma yake Mkuu anaongea, hedifoni zinamkatakata, "…zima hilo dude, mama… siku nzima… utakuja kuwa kiziwi," na Chuma, ndivyo ofisi nzima ilivyomwita tangu alipoburuta jambazi wa kilo mia mbili ghorofa tatu kwa tai yake, Chuma akainua kidole kimoja, subiri, maana masikio yale yalisikia mchwa akipiga miayo, na nani duniani anaingia kwa mtu asisalimie, hata yeye juzi kamtia mtu pingu wakaulizana hali za watoto mpaka garini, mtu wa kunyamaza hivi anajua kuna kinasa humo ndani, na nani anajua, alikitia Chuma mwenyewe kwa mkono wake ndani ya ile saa kubwa akijifanya mteja, hakumwambia mumewe, hakumwambia dereva, alimwambia… "…chai yako inapoa, binti yangu…" …mtu mmoja. Alimwambia mtu mmoja tu. Si Mkuu, jamani, huyu ndiye aliyemtoa kwenye kulinda geti akasema mtoto huyu ana kichwa, aliyesimama mahali pa marehemu baba yake siku anaolewa, ndiye aliyemfundisha wiki ya kwanza, ukiingia chumba usichokiamini mdomo uache nje kama mwavuli, wakacheka, walicheka mpaka machozi, na wale watoa habari wake wawili walipopotea kama moshi, Chuma akajifungia chooni akafungulia bomba asisikike akilia, uzembe wangu, uzembe wangu, na nani alikuwa anamsubiri mlangoni na kitambaa, kitambaa! alimpa kitambaa, mshenzi, kimepigwa pasi, akakipokea akasema asante baba, akakifua akamrudishia, "…nakuuliza wewe, yule karani wako wa wizarani umemficha wapi? Nimtafutie mahali salama zaidi," na hilo swali si la kwanza, kauliza akiingia, naye akamjibu ngoja nimalize hapa nitakwambia, angemwambia, Mungu wangu, karani yuko kwa shangazi, saa hizi pengine anaosha vyombo na shangazi anamgombeza anavyomaliza sabuni, msichana wa watu aliyejitolea kusema ndani ya wizara kuna mtu anauza nchi, na alikuwa amebakiza pumzi moja amkabidhi kama andazi kwenye sahani, hasira ikampanda hivi kwamba angeshika ile meza ya chuma angeikunja kama kanga, lakini hakugeuka, ukigeuka uso utasema, akasogeza hedifoni sikio moja tu.

"Umesikia nini humo?"

"Hamna kitu, Mkuu. Saa mbovu zinagonga."

"Na karani?"

"Ah, yule? Kavuka mpaka tangu alfajiri. Sasa hivi yuko mbali huko, anapiga soga na watu wetu. Kaanza kuwatajia majina," akasema, uongo wake wa kwanza kwa mtu huyu tangu amjue, ukatoka laini kama mafuta, naye akangoja, sema basi, baba, sema vizuri sana, sema umefanya kazi, sema chochote wewe mwenye neno kwa kila jambo… chai ilitoa mvuke kidogo, kiti cha Mkuu kikalia kwii chini ya makalio yake, na baada ya hapo hakuna neno, hakuna kikohozi, kimya, na Chuma akakijua kimya hicho, alikuwa amekisikiliza tangu asubuhi.