Bendera ya Jabez Hoadley

Pikapu ya Orrin ilikuwa imeshavuka daraja la mbao na inakata mlima kuelekea mahakama ya kaunti, ndipo Verna akakumbuka kwamba ameacha miwani mezani.

"Turudi?" Orrin akauliza.

"Turudi tukutane na mkeo mlangoni? Endesha. Utanisomea wewe."

Mke wa Orrin ni Beryl, wifi yake Verna, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya jiwe jipya la mashujaa pale uwanjani kijijini. Alishatangaza kanisani: jina lisilo na karatasi ya ushahidi halichongwi, mwisho Ijumaa. Leo Alhamisi. Naye Verna, tangu utotoni, kila Mei huchomeka bendera ndogo kwenye kaburi la Jabez Hoadley, babu wa mababu zao, aliyepigana na Waingereza kule Bennington, katika vita vya uhuru wa Marekani. Vizazi vya watoto wa shule amewasimulia jinsi Jabez alivyopigwa risasi ya paja na bado akaendelea kupakia bunduki. Jina hilo likikosekana kwenye jiwe, atauficha wapi uso wake?

"Beryl umemwambia unakwenda wapi?"

"Kununua misumari."

"Misumari ya kutwa nzima?"

"Nimemwambia ni mingi."

Karani, mama mmoja mwenye sweta mbili, aliwaletea kitabu cha mgambo cha mwaka 1777, akawaonya wasilambe vidole. Orrin akashuka na majina taratibu.

"Huyu hapa! Jabez Hoadley, siku kumi na moja za utumishi!"

Verna akapiga meza. "Beryl ataitafuna karatasi hii na chumvi!"

"Ngoja, dada. Kuna maneno pembeni." Orrin akakohoa. "'Alitoroka siku mbili kabla ya mapigano. Alisema nyasi zake zimekauka na mvua inakuja.'"

Verna akakivuta kitabu karibu, ingawa hakuwa na miwani.

"Ilinyesha?"

"Haijaandikwa."

"Na paja?"

"Labda alijikata na fyekeo."

"Sasa ile bendera ya kwanza aliiweka nani?"

Orrin akaanza kuichunguza kofia yake. "Babu. Bendera zilikuja kumi na mbili, makaburi ya wanajeshi yalikuwa kumi na moja. Unamjua babu, hakupenda kitu kipotee."

"Na miaka yote hii hukuniambia?"

"Ulikuwa unasimulia vizuri."

Orrin akamsogelea, akanong'ona. "Toa nakala, kunja hapa pembeni. Siku kumi na moja ni siku kumi na moja. Beryl hatakunjua."

"Beryl? Anayefunua sufuria za watu?"

Lakini kidole cha Verna kilikuwa kimeshalala juu ya yale maneno, kinapima upana wa kukunja.

"Upande wa pili nao niutoe?" karani akauliza. "Kapteni wa kikosi ameandika tena huku."

Orrin akasoma. "'Nimepokea kwa Submit Hoadley, mke wa yule mtoro: jibini ratili arobaini, fahali mmoja wa kukokota, na bunduki ya mumewe, aliyoileta kwa mkono wake ili apewe mwanamume wa kuitumia. Amesimama hapa mpaka niandike.'"

Verna akaondoa kidole.

"Toa pande zote mbili, mama. Pasikunjwe kitu."

Jioni Beryl alisoma karatasi jikoni kwake, amesimama.

"Kwa hiyo shujaa wenu ni mtoro."

"Wetu sote, wifi. Jina lake unalo wewe pia."

"Na misumari iko wapi, Orrin?"

Orrin akaenda kuangalia kuni. Beryl akageuza karatasi, akasoma upande wa pili, akaurudia.

"Ratili arobaini," akasema. "Na akasimama mpaka iandikwe. Mwanamke huyu ningemtaka kwenye kamati."

Jiwe lilichongwa Juni. Submit Hoadley ni jina la mwisho chini, Jabez hayumo. Bendera ilihamishwa hatua mbili hadi kwa mkewe, na sasa kumi na mbili ni kumi na mbili kweli. Verna aliacha kusimulia habari ya paja, ingawa watoto bado wanaiulizia. Beryl alichaguliwa tena mwenyekiti, hakuwa na mpinzani. Orrin alinunua misumari kesho yake ya safari ile, kilo tano. Bado imo bandani.