Masika, Umerudi Shambani?

Vumbi limeingia tena ofisini. Limepita chini ya mlango, limelala juu ya kompyuta, na nikiandika, vidole vyangu vinaacha njia nyekundu. Butembo ni vumbi, yaya, na leo sina subira ya kulifuta.

Masika, umerudi shambani?

Programu hii ya simu niliitengeneza kwa ajili yako, yaya, dada yangu mkubwa. Jioni, huko kwako Mulekera, Beni, kila aliyerudi nyumbani anagusa jina lake, nami huku naona: amerudi. Basi. Siku hizi upande wa Beni waasi wanaua watu mashambani, mtu huenda kulima akiombewa, na moyo wangu umechoka kungoja habari za kesho yake.

Leo jina lako halijaguswa. Napiga simu, haiingii. Napiga tena. Kisha zinafika taarifa kutoka simu yako: programu imefunguliwa, ikaanguka. Imefunguliwa, ikaanguka. Kuna kidole kinahangaika huko, lakini ni cha nani?

Masika, umerudi?

Naisoma mistari ya taarifa ya kuanguka, mikavu, imekaza uso kama askari wa kizuizi cha barabarani. Wa juu unataja mahali programu ilipofia. Wa chini yake unamtaja aliyeuita, na wa chini tena, aliyemwita huyo. Ile ya juu si yangu, waliiandika watu nisiowajua. Nashuka. Kila mstari nauuliza: nani alikutuma? Nashuka, nachukia kila herufi. Nashuka mpaka nakuta mstari wangu mwenyewe.

Hapo niliandika: katika nyumba moja, jina moja ni mtu mmoja. Kwetu nani angebisha? Masika ni jina la binti wa kwanza, na mama hazai binti wa kwanza mara mbili. Leo mtu ameandika Masika wa pili nyumbani kwako, na programu haikujua la kufanya naye.

Wa pili? Umempokea nani, yaya, bila kuniambia?

Naubadilisha mstari. Nyumba iwapokee akina Masika wote watakaokuja. Naituma. Nakaa, nasimama, nakaa.

Masika, amerudi.

Na chini yake: Masika, amerudi.

Halafu ujumbe wa sauti yako unaingia, umejaa kelele za watoto. “Mathe, mdogo wangu, usikasirike. Huyu mama alikimbia vita ya Manguredjipa na batoto yake. Kwabo naye ni Masika. Ningemuacha inje namna gani? Njo maana nilimuandika pale, mu nyumba yetu. Donc, basi, utuangalie sisi wote, eh?”

Nalia bila haya. Nitawaangalia wote, yaya. Machozi yanadondoka juu ya vumbi la kompyuta, na kwa kidole naandika humo, Masika, na pembeni yake, Masika.

Kesho nikija kazini sitalifuta.